Shajara ya mradi: paa la shule Mecúfi, Juni hadi Septemba 2025

9 Juni

Kamati ya shule imetupokea vizuri sisi tuliojitolea kutoka Tanzania, na leo tumekagua majengo yote mawili chumba kwa chumba. Tuko wilayani Mecúfi, kusini mwa Pemba, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Hapa ndipo Kimbunga Chido kilipotua tarehe 15 Desemba 2024, siku moja baada ya kukisambaratisha kisiwa cha Mayotte. Msumbiji peke yake ilipoteza watu wapatao 120, na shule zaidi ya 250 ziliharibika. Mwaka wa masomo ulipofunguliwa, watoto wa kijiji hiki walianza kusomea kwenye mahema mawili ya msaada na chini ya miembe iliyosalia. Mikorosho ya zamani, iliyokuwa kivuli cha uwanja, imelala chini mizizi juu.

Jengo la kwanza lina vyumba vitatu. Kuta zake za tofali za saruji ni nzima, paa hakuna. Jengo la pili nalo lina vyumba vitatu, ila zile pembetatu za ukuta zilizokuwa zinabeba paa huku na huku zimeporomokea ndani, juu ya madawati.

Nilipopanda juu ya ukuta wa jengo la kwanza nilikuta jambo ambalo ningependa kila fundi wa paa alione kwa macho yake. Mbao ya kulalia kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) ilikuwa imepigiliwa kwenye tofali la juu kabisa kwa misumari ya inchi nne, basi. Misumari hiyo bado imo kwenye vipande vya mbao vilivyookotwa shambani, na imenyooka. Haikupinda wala haikukatika. Imechomoka kwenye tofali kama inavyochomolewa kwenye boksi dukani. Maana yake paa lile halikuvunjika. Lilinyanyuliwa zima na kuondoka.

Wengi tunalifikiria paa kama kitu cha kuzuia mvua, kwa hiyo tunalipigilia ili lisishuke. Kimbunga kinafanya kinyume. Upepo unapopita juu ya mteremko unalinyonya paa kwenda juu, na ukishapata mlango au dirisha lililo wazi unaingia na kulisukuma kutoka ndani. Kwa hesabu ya wahandisi, upepo wa kilomita 200 kwa saa unabeba nguvu ya karibu kilo 190 kwa kila mita moja ya mraba, na kwenye kingo na kona unyonyaji huzidi hapo. Bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene; namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi) halifiki kilo 4 kwa mita hiyo hiyo. Uzito wa paa hauna msaada wowote. Kinacholishikilia ni mafungo yake tu, na hapa palikuwa na misumari kwenye tofali.

12 Juni

Mkutano wa kijiji umechukua asubuhi nzima. Nimezungumza Kimakua cha kwetu Masasi. Wenyeji wanakisikia ingawa wao wanatamka kivingine, na pale tulipokwama palipatikana Kiswahili au Kireno. Wazee kadhaa wanazungumza Kiswahili safi kabisa. Mmoja wao alisomea Bagamoyo enzi za vita vya ukombozi, FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, kilipokuwa na shule yake kule. Ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

Hoja kubwa ilikuwa moja. Fedha tulizonazo zinaweza kuezeka vyumba vyote sita kwa namna ile ile ya zamani, au vyumba vitatu kwa namna ya kufungwa kuanzia msingi hadi bati, na kubaki na akiba ya kuanzia jengo la pili. Mimi na wenzangu tulikuja na msimamo wa vitatu. Mama mmoja wa kamati alisimama akatuuliza, "Wanangu, mvua zikija Novemba, hao wa vyumba vingine vitatu mtawaweka wapi?" Watoto wa darasa la kwanza na la pili ndio wanaorudishwa nyumbani kila kunapokuwa na wingu zito, na mwanawe ni mmoja wao. Swali lake ni la haki, na sikutaka mtu yeyote wa upande wetu alijibu kwa haraka.

Aliyelijibu ni fundi wa kijiji, ambaye kila mtu anamwita Mestre. Alileta kile kipande cha mbao chenye misumari iliyonyooka, akakizungusha mkono kwa mkono mpaka kila mmoja akakishika. Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyeezeka jengo lile, kwa vifaa alivyoletewa na kwa maelekezo aliyopewa, na kwamba hayuko tayari kuezeka tena hivyo juu ya vichwa vya wajukuu zake. Walijadiliana sana. Mwisho walikubaliana: jengo la kwanza lote lifungwe ipasavyo, mahema yabaki kwa madarasa madogo, na kila kitakachosalia kiende jengo la pili.

Kwa maoni yangu huo ni uamuzi sahihi. Chido haikuwa ya kwanza hapa. Kenneth iliipiga Cabo Delgado Aprili 2019, wiki chache tu baada ya Idai kuiangamiza Beira. Januari mwaka huu Dikeledi ilipita Nampula, mkoa wa jirani, na Machi ikaja Jude. Paa la kupigilia tu hapa ni mkopo unaodaiwa kila msimu.

Swali jingine lililozuka ni la mabati na mbao za shule zilizotawanyika. Baadhi ziko juu ya nyumba za watu, zinaonekana kutoka barabarani. Kamati imesema hakuna atakayedaiwa. Nyumba hizo zilianguka siku moja na shule.

20 Juni

Vifaa. Nafafanua kidogo kwa sababu kuna wenzetu wanaotaka kufanya kazi kama hii mahali pengine pa pwani.

Mchanga wa ufukweni uko hatua chache tu na ni wa bure, na tumeukataa. Una chumvi, na chumvi inakula nondo kutoka ndani ya zege. Baada ya miaka michache zege linapasuka na lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, inabaki jina. Tunanunua mchanga wa mto, unakuja kwa lori, tunauchekecha. Gharama imepanda, ila hapa hapana mjadala.

Mbao za mkongo na mninga, ambazo hapa Msumbiji huitwa chanfuta na umbila, ndizo ningezitaka. Bei yake imetushinda. Tumechukua msonobari uliotiwa dawa, na kila mwisho tulioukata tunaupaka dawa tena, kwa kuwa mchwa huingilia pale pale msumeno ulipopita.

Bati ni geji 28. Tuliombwa na mfanyabiashara tuchukue geji 30 kwa kuwa ni rahisi. Nyembamba ile hupasuka kuzunguka kichwa cha msumari: msumari unabaki kwenye papi (mbao za juu ya kenchi zinazopigiliwa bati) na bati linakwenda zake.

25 Juni

Hakuna kazi leo. Msumbiji inatimiza miaka 50 ya uhuru. Mzee wa Bagamoyo ametuita kwake kula wali na samaki wa nazi, akatusimulia jinsi walimu wake walivyokuwa wanawafundisha hesabu mchana na kulima nao jioni. Alimuuliza kijana wetu mdogo kabisa, aliyezaliwa Mtwara, kama anajua kwa nini watu wa kusini mwa Tanzania na watu wa hapa ni ndugu. Kijana akasema bibi yake alivuka Ruvuma akiwa amebebwa mgongoni. Mzee alimshika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu.

11 Julai

Lenta ya jengo la kwanza imemwagwa yote. Ilikuwa kazi nzito kuliko zote.

Kuta hazikuwa na nondo za kusimama, kwa hiyo tusingeweza kumwaga lenta juu na kujiona tumemaliza. Upepo ungeinyanyua lenta pamoja na paa. Kwenye kila kona, na pale kuta za kugawa vyumba zinapokutana na ukuta mrefu, tulikata mfereji wima kutoka juu hadi kwenye msingi. Tukasimamisha nondo ya milimita 12, mguu wake umezama kwenye zege jipya la msingi na kichwa chake kimejikunja ndani ya lenta. Lenta yenyewe ina nondo nne na ringi, vyuma vya kuzizungushia nondo hizo, kila sentimita 20. Kabla ya kumwaga tuliingiza vipande vya nondo ya milimita 8, viwili viwili, kila mahali kenchi itakapokaa, ncha zikichomoza juu. Hizo ndizo zitakazoikumbatia kenchi.

Mwagaji wa zege ulikuwa wa siku moja, bila kuacha kiungo. Akina mama walijipanga mstari kutoka kisimani na ndoo zilikuja bila kukatika. Tangu hapo lenta inafunikwa magunia na kumwagiliwa asubuhi, mchana na jioni. Wanafunzi wa darasa la sita wameomba zamu ya kumwagilia, na mwalimu mkuu amewapangia kwenye daftari.

Niandike pia kuhusu malipo, kwa kuwa ni jambo linalonikera katika miradi mingi ya kujitolea. Sisi tuliotoka nje hatulipwi. Mestre na mafundi wenzake sita wa kijiji wanalipwa kila Jumamosi, kwa kiwango cha Pemba. Mgeni anapokuja na nyundo yake akafanya bure kazi ambayo fundi wa pale angelipwa, amemnyang'anya mwenzake chakula cha watoto, na akiondoka ameondoka na ujuzi. Kijiji hiki kilipoteza mashua, mikorosho na mazao ghalani. Ujira wa ujenzi wa shule ni sehemu ya msaada, pengine sehemu iliyo bora. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: fundi wa kijiji anashika kazi, sisi tunasimama pembeni yake, tunashika upande wa pili wa mbao, tunaonyesha pale panapohitajika kuonyeshwa. Na kuna mengi tunayoonyeshwa sisi.

18 Julai

Mfano wa hayo ni baraza. Mchoro tuliokuja nao ulikuwa na paa moja linaloteremka kutoka kileleni hadi kwenye nguzo za baraza. Mestre aliutazama akatikisa kichwa. Alisema katika nyumba za hapa zilizosalimika, baraza zilikuwa na paa lao dogo, lililojitenga na paa kubwa. Upepo uliingia chini ya baraza, ukaling'oa lile dogo, ukaishia hapo. Tulizunguka naye mtaani tukazihesabu nyumba hizo, na ni kweli. Mchoro umebadilishwa leo leo. Paa la baraza litakaa chini ya lenta, kwa kenchi zake na mafungo yake, na likilazimika kwenda liende peke yake.

Kenchi za chumba cha kwanza zimesimama. Mteremko ni karibu nyuzi 30, kwa sababu paa la bapa hunyonywa zaidi, na ukingo wake hautokezi nje kupita nusu mita. Zile nondo zilizochomoza kwenye lenta zimekunjwa juu ya mbao ya chini ya kenchi, moja huku na moja huku, zikapigiliwa. Juu yake tumepitisha mkanda wa chuma usioshika kutu. Ukikamata kenchi ukaitikisa kwa nguvu zako zote, unachohisi ni ukuta.

Mbao za mshazari kati ya kenchi na kenchi zimewekwa pia. Hizi ndizo watu huziruka wakati fedha zinapopungua, na bila hizo kenchi hulaliana moja juu ya nyingine hata kama zote zimefungwa vizuri chini.

30 Julai

Habari mbaya kutoka Chiúre, wilaya ya jirani. Mashambulizi ya wiki iliyopita yamewakimbiza makumi ya maelfu ya watu. Vita vya mkoa huu vilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na kila vinaposogea, shule ndizo zinazojaa kwanza. Familia kadhaa zimefikia kwa ndugu zao hapa kijijini. Mwalimu mkuu ameandikisha watoto wapya na anaendelea kuandikisha. Hemani sasa wanakaa wamebanana magoti kwa magoti.

Yule mama wa kamati hakutulaumu. Alikuja jioni akauliza tu, "Mkiharakisha, mtaharibu?" Tulikaa naye na Mestre tukapitia kila hatua. Tulichoweza kuharakisha ni mpangilio wa watu. Tumegawa timu mbili ili bati lianze chumba cha kwanza wakati kenchi zinasimama chumba cha tatu, na sakafu zilizochimbika zitazibwa usiku kwa taa. Mafungo hayaguswi. Aliridhika na akaomba aonyeshwe mkanda mmoja unavyopigiliwa, ili akiulizwa na wenzake awe na la kusema.

Wenzetu wawili wameitwa na familia zao warudi Mtwara kwa sababu ya usalama. Wameondoka kwa baraka zetu sote.

15 Agosti

Kusi linavuma kweli kweli. Bati la mita tatu mikononi mwa mtu aliye juu ya kenchi ni tanga, na hatutaki kumpoteza mtu kwa ajili ya paa. Kwa hiyo tunaezeka kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, na baada ya hapo tunafanya kazi za chini. Kila aliye juu amefungwa kamba.

Upigiliaji wa bati una mpango wake. Katikati ya paa msumari unaingia kila mgongo wa pili wa bati. Kwenye kingo zote nne na chini ya kofia (bati linalofunika kilele cha paa) ni kila mgongo, bila kuruka hata mmoja. Misumari ni ile iliyosokotwa yenye mpira chini ya kichwa. Mpira ukikandamizwa sana hupasuka na kuvuja, ukiachwa unalegea, kwa hiyo vijana wamejifunza kusikia mlio wa pigo la mwisho. Papi nazo zimefungwa kwenye kenchi kwa mkanda, kila makutano. Makutano hayo ni mengi ajabu. Mmoja wa vijana wa kijiji, saidia fundi alipoanza nasi, sasa ndiye anayekagua kila fungo na kuliwekea alama ya chaki, na amewakatalia mafundi wakubwa kushuka mpaka lile lililosahauliwa lifungwe. Nilifurahi sana kuliona hilo.

1 Septemba

Vyumba vitatu vya jengo la kwanza vinatumika. Ubao umepakwa rangi, matundu ya hewa yameachwa pande mbili chini ya lenta ili upepo ukiingia upate pa kutokea, na komeo za milango na madirisha ni za chuma, zinafungwa kwa ndani. Watu hudharau komeo, lakini dirisha likifunguka upande wa upepo, nguvu iliyo chini ya paa huongezeka sana kwa ghafla.

Walimu wameamua wenyewe kwamba madarasa madogo yaingie asubuhi na makubwa mchana. Kwa mpango huo hakuna darasa linalobaki hemani, isipokuwa la watoto wapya wanaofundishwa Kireno cha kuanzia. Sikuwa nimeuwazia. Lile swali la mkutano wa Juni, kuhusu watoto wa darasa la kwanza na mvua, walimu wamelijibu kwa ratiba.

Jengo la pili limeanza. Pembetatu zilizoanguka hatuzijengi tena. Kuta zote zitaishia usawa mmoja wa lenta, na paa litakuwa na miteremko minne badala ya miwili, ili upepo usipate ukuta mrefu wa kusukuma. Mestre ndiye anayesimamia. Sisi tuliobaki ni wasaidizi wake.

17 Septemba

Lenta ya jengo la pili imemwagwa yote, pamoja na nondo za kona na zile za kukumbatia kenchi. Ncha zinazochomoza zimepakwa grisi na kufungwa nailoni zisile kutu. Mbao za kenchi zimekatwa, zimetiwa dawa na kupangwa juu ya tofali ndani ya stoo. Bati hatuna. Fedha zimefikia hapo.

Leo tumekabidhi daftari la ukaguzi kwa kamati. Kila Oktoba, kabla msimu wa vimbunga haujaanza Novemba, vijana wawili watapanda juu kuangalia misumari iliyolegea, mikanda yenye kutu, mbao zilizoguswa na mchwa na matawi yanayoinamia paa. Katibu wa kamati ndiye mwenye ngazi, boksi la misumari na ufunguo wa stoo. Yule mama ndiye mweka hazina, na amekwisha kusanya mchango wa kwanza wa grisi na dawa.

Ombi la bati la jengo la pili limepelekwa wilayani likiwa na mchoro, hesabu ya kila kifaa na picha za mafungo. Hesabu hiyo hiyo tumeituma kwa marafiki zetu Masasi na Mtwara. Yakipatikana kabla ya Novemba, Mestre na timu yake wataezeka wenyewe. Wanajua kila hatua na wamekubaliana ujira na kamati. Ametuambia atatupigia simu siku watakaposimamisha kenchi ya kona, ile yenye miteremko miwili inayokutana, kwa sababu anataka watu wawili zaidi wa kushika. Mimi na mwenzangu mmoja tumeahidi kuja.